Mbaazi, Jua na Giza

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Shuleni tuliipata kama methali ya mvivu: mtu ameshindwa kazi yake, sasa anatafuta wa kumlaumu. Hapa Lurujo nimeisikia kwenye mikutano zaidi ya mara moja, na karibu kila mara anayepigwa nayo ni mkimbizi. Bustani yako haina kitu? Jua. Kikundi cha akiba kimevunjika? Jua. Anayesema anacheka kidogo, watu wanacheka naye, mkutano unaendelea.

Mimi nafanya kazi na vijana, si bwana shamba. Lakini baada ya kuisikia mara nyingi nilianza kuuangalia huo mmea wenyewe, nikauliza wazee, nikasoma nilichoweza kupata. Nikaona kwamba wanaoitumia methali hii wamehukumu bila kumsikiliza mshitakiwa. Na mshitakiwa ana historia ndefu sana ya kuhamahama, ndefu kuliko yetu.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Mbaazi ni kichaka, si mmea wa kutambaa kama kunde. Unasimama mita moja hadi nne kutegemea aina, shina lake linakomaa linakuwa mti kabisa, na ukiuacha unaishi miaka mitatu, minne, hata mitano. Maua yake ni ya manjano, mengine yana michirizi myekundu mgongoni. Waacholi na Walango wanaita lapena. Sokoni Arua utasikia burusu. Wakamba wa Kenya wanasema nzuu, Wamalawi wanasema nandolo. Mombasa, Lamu na Zanzibar mbaazi zinapikwa na nazi, zinaliwa asubuhi na mahamri, na mtu wa huko ukimwambia kuna watu hawajawahi kuzionja atakuonea huruma.

Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliandika kitabu cha mimea yote aliyoijua, na humo mbaazi aliuita Cytisus cajan. Jina la pili limetoka kwa Wamalei, ambao jamii ya kunde na maharage wanaiita kacang. La kwanza, Cytisus, ni la vichaka vya Ulaya vyenye maua ya manjano. Wafanyakazi wa mashirika waliotoka kule watakuwa wanavijua: Aprili na Mei, baridi ikishaisha na siku zikianza kurefuka, vilima vinageuka manjano. Matawi yake ni membamba na magumu, watu waliyafunga wakapata fagio, na Waingereza mpaka leo wanakiita kichaka hicho kwa neno lile lile la fagio. Hata ukoo mmoja wa wafalme wa Uingereza, Plantagenet, ulioanza kutawala 1154, ulichukua jina lake kwenye kichaka hiki; inasemekana Geoffrey wa Anjou alipenda kuchomeka tawi lake kwenye kofia. Fikiria mfalme anaitwa kwa jina la fagio. Kwetu wangemcheka.

Baadaye wataalamu waliutoa mbaazi kwenye ukoo ule, wakaupa wa kwake, Cajanus. Lakini Linnaeus hakuwa kipofu. Vichaka hivi viwili vyote ni jamii ya kunde, ua lina umbo lile lile la kipepeo, na vyote vinakubali udongo ambao mahindi yanaukataa. Tofauti kubwa iko kwenye kuhama. Walowezi wa Kizungu walikipeleka kichaka cha fagio New Zealand, Australia na magharibi ya Marekani, na kule kikaota bila kuulizwa, kikafunika malisho ya watu, mpaka leo hela zinatumika kukingoa. Mbaazi umesafiri vilevile baharini, lakini wenyewe unaenda pale mtu anapoubeba, na unabaki pale mtu anapoupalilia. Mtu akiondoka, magugu yanaushinda.

Asili yake ni India. Kwa muda mrefu watu walibishana, wengine wakasema ni Afrika, maana Afrika Magharibi kuna ndugu yake mmoja wa porini. Lakini ndugu zake walio wengi wako Asia, na yule wa karibu kabisa anaota mashariki ya India. Upande huohuo, katika jimbo la Odisha, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mbaazi zilizolimwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Kutoka huko ulivuka bahari kuja Afrika Mashariki, ukaingia bara, ukaendelea mpaka bahari ya upande wa pili.

Upande huo wa pili ndiyo sehemu inayonigusa, kwa sababu nimetoka Kongo. Wakongo wa magharibi, wale wanaosema Kikongo, wanaita mbaazi wandu. Brazili wanaiita andu, au guandu. Sikiliza hayo majina mawili moja baada ya lingine, hutahitaji mwalimu akueleze njia lililopita. Haiti inaitwa pwa kongo, yaani mbaazi ya Kongo. Kisiwa kile, kilipokuwa koloni la Ufaransa kwa jina la Saint-Domingue, kilipokea watumwa wengi sana kutoka pwani ya Kongo na Angola katika miaka ya mwisho kabla ya mapinduzi ya 1791. Meli zilibeba chakula cha kuwaweka watu hai njiani, na mbegu zikafika. Waliofika hawakuwa na kitu, hata majina yao yalibadilishwa, lakini kwenye vipande vidogo walivyoruhusiwa kulima kando ya mashamba ya miwa walipanda vyakula walivyovijua, na mbaazi ukawa mmoja. Jamaika wanasema gungo. Puerto Rico wanasema gandules. Barbados mabwana waliwapa njiwa wao mbaazi, na Waingereza mpaka leo wanaiita mbaazi ya njiwa, jina ambalo halisemi lolote kuhusu watu walioila.

Sasa angalia jambo moja. Puerto Rico wali wa gandules ni chakula cha Krismasi. Jamaika pia, wali wa Krismasi ni wa gungo. Mwaka mzima wanaweza kupika na maharage mengine, lakini Desemba ni hiyo. Haikuamuliwa na padri wala na mfalme. Visiwa vile viko nyuzi 18 hivi kaskazini ya ikweta, na huko mwezi wa Oktoba na Novemba siku zinafupika, mbaazi unatoa maua, na Krismasi ikifika maganda mabichi yamejaa. Kichaka ndicho kilichopanga kalenda ya jikoni.

Na hapo ndipo kesi ya methali yetu inapoanza kugeuka.

Mwaka 1920 watafiti wawili wa serikali ya Marekani, Garner na Allard, walitangaza walichokigundua kwenye tumbaku na soya. Walikuwa na tumbaku ya aina moja iliyokuwa inakua, inakua, inapita kichwa cha mtu, bila ua hata moja. Walijaribu mbolea, maji, joto, hakuna. Mwishowe wakaingiza mimea kwenye chumba cha giza sehemu ya kila siku ili siku yake iwe fupi, na tumbaku ikatoa maua. Mmea ulikuwa unapima urefu wa siku. Baadaye wengine walithibitisha kwamba kwa mimea ya namna hii kinachopimwa hasa ni urefu wa usiku: ukikatiza giza kwa taa, mmea unachanganyikiwa.

Mbaazi ni mmea wa namna hiyo. Aina ndefu za asili, zile ambazo bibi zetu walizijua, hazitoi maua mpaka ziwe zimekua vya kutosha na usiku uwe mrefu vya kutosha. Watafiti wanapotaka kuchelewesha maua wanawasha taa juu ya shamba la majaribio usiku. Na joto nalo lina neno. Kenya walijaribu aina mbalimbali kuanzia nyanda za juu hadi pwani, wakaona aina ndefu zilizozoea baridi ya milimani zikipelekwa kwenye joto la pwani zinachelewa sana kutoa maua. Mmea ni uleule, mbegu ni ileile, mkulima anapalilia vilevile. Kilichobadilika ni mahali.

Kwa hiyo mbaazi unapokosa maua na kusema "ni jua", hausingizii. Unasema kweli tupu. Labda ungesema "ni usiku" ingekuwa kweli zaidi. Na sidhani watu wa pwani waliotunga methali walikuwa wajinga. Waliona kabisa kwamba maua na jua vina uhusiano, ndiyo maana wakachagua mbaazi na siyo mhogo. Walichokosea ni lile neno moja, husingizia.

Sisi hapa Koboko tuko kama nyuzi tatu na nusu kaskazini ya ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki nusu saa. Wewe na mimi hatuioni. Mbaazi unaiona. Ukipandwa Aprili mvua zikianza, unakua polepole mpaka katikati ya mwaka, unapanda juu Agosti na Septemba, unatoa maua mvua zikielekea mwisho, na maganda yanakauka Desemba na Januari wakati hakuna mvua ya kuyaozesha. Waacholi na Walango waliipanga kazi hii zamani: wanachanganya ulezi na lapena shamba moja, ulezi unavunwa kwanza, na baada ya hapo kichaka kinabaki peke yake na jua lote na unyevu wote uliobaki chini.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili si la darasani tu. Mwaka mmoja mradi fulani ulileta mbegu za mbaazi kwa vikundi. Gunia halikuandikwa aina. Zilipandwa mwezi wa sita, zikaota vizuri. Mwanzoni mwa Septemba walikuja kuangalia, wakakuta vichaka vya kijani, vizuri, virefu mpaka kifuani, bila ua hata moja. Wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Maneno tuliyoyasikia baadaye ni kwamba vikundi vyetu havikutunza. Baadhi ya wenzetu walikata tamaa, wakang'oa, wakapanda maharage ya msimu wa pili. Waliobaki na vichaka vyao walianza kuona manjano Novemba, na Krismasi walikuwa wanamenya maganda mabichi. Ripoti ilikuwa imeshatumwa zamani. Mradi wa miezi mitatu na kichaka cha miezi tisa haviwezi kukutana, na hapo kosa si la kichaka.

Aina fupi zipo. Kituo cha utafiti cha Serere, kule Teso, kilitoa SEPI 1 na SEPI 2, ambazo hazijali sana urefu wa usiku na zinakomaa mapema, kwa miezi minne hivi. Ni nzuri kwa mwenye haraka. Lakini ni fupi, kuni zake ni kidogo, na wadudu wanazipenda kwa sababu maua yake yanafika mapema na kwa pamoja. Mimi sisemi moja ni bora kuliko nyingine. Nasema anayegawa mbegu amwambie mtu ni ipi, na lini atarajie ua la kwanza.

Halafu kuna suala la ardhi, ambalo kwa West Nile halijawahi kuwa rahisi. Mpaka huu tunaouvuka na kuvukishwa ulichorwa na watu waliokuwa wanapeana ardhi kama sahani mezani. Mwaka 1894 eneo la Lado, ambalo ndani yake ni pamoja na West Nile ya leo, lilikodishwa kwa Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo. Akafa Desemba 1909, mwaka uliofuata eneo likarudishwa Sudan, na 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Ndani ya miaka 20, mwanamke Mkakwa aliyekaa palepale kwenye jembe lake angekuwa amekuwa chini ya serikali tatu. Wakakwa mpaka leo wako nchi tatu, na ndiyo maana wengi waliokimbia Kongo kuja Lobule tangu 2013 wamekuta wenyeji wanaosema lugha yao.

Na wenyeji nao wameshakuwa wakimbizi. Serikali ya Idi Amin, ambaye familia ya baba yake ni ya Koboko, ilianguka Aprili 1979. Mwaka uliofuata mapigano na visasi vya jeshi viliwamaliza watu wa hapa, karibu wote wakavuka kwenda Zaire na Sudan. Wazee wa hapa wanaijua Aru na Ariwara kuliko sisi vijana tuliozaliwa huko. Walilima mashamba ya kuazimwa miaka kadhaa, wengi wakarudi katikati ya miaka ya 1980. Halafu wakaja Wasudan, halafu sisi, halafu Wasudan Kusini tena baada ya vita vya Juba ya Julai 2016. Mzee mwenyeji akikuazima kipande cha shamba, anajua kuazima ni nini.

Lakini anakuazima kwa msimu mmoja. Hilo ndilo tatizo la mbaazi. Kwenye shamba la msimu mmoja huwezi kupanda kitu kitakachokaa miaka mitatu. Mwenye shamba ataona kama unaweka mizizi kwenye mali yake, na kwa kweli ndicho unachofanya. Kwa hiyo kichaka hiki mahali pake ni kwenye kiwanja cha nyumba. Kipimo kilichozoeleka West Nile ni mita 30 kwa 30. Hapo unaweka nyumba, choo, jiko, shimo la taka, mboga kidogo, na watoto wanataka pa kuchezea. Kati haina nafasi. Mpakani ipo. Mpaka wa kiwanja kama hicho ni mita 120 kuzunguka. Toa njia na mlango na upande unaogombana na jirani, bado unabaki na karibu mita 100. Kichaka kimoja kila mita, ni vichaka 100. Hakuna aliyekuomba ruhusa kwa uzio.

Tangu WFP ianze kugawa chakula kwa makundi, Julai 2023, na kundi la tatu kuachwa bila kitu, hesabu hii imeacha kuwa ya mchezo. Mbaazi kavu ina protini sehemu moja kwa tano ya uzito wake. Posho tupu haina hiyo. Na kuna kuni. Anayetafuta kuni ni mama au msichana, anaenda mbali, na kule mbali ndiko ugomvi na wenyeji unakoanzia, wakati mwingine na mambo mabaya kuliko ugomvi. Miti ya eneo hili ilishakatwa sana kukaushia tumbaku kabla hata hatujafika, lakini anayekutwa na panga leo ndiye anayelaumiwa. Fito za mbaazi haziwezi kupika maharage ya shule nzima. Zinaweza kupunguza safari mbili au tatu kila mwezi baada ya mavuno, na kwa msichana wa miaka 14 safari tatu ni kitu.

Basi namna ya kuutunza. Panda mvua za kwanza zikishalowesha kweli, si ile mvua ya kudanganya ya Machi. Mbegu mbili au tatu kila shimo, kina cha vidole viwili, zikiota ubakize mmoja wenye nguvu. Usipande bondeni ambako maji yanasimama. Mbaazi unavumilia njaa na kiu lakini miguu yake ikikaa kwenye maji siku chache unakufa. Miezi miwili ya kwanza ndiyo ya hatari. Unakua polepole mno, magugu yanakimbia, na mtu asiyejua anafikiri umedumaa. Palilia mara mbili wakati huo na baadaye hautakusumbua, kivuli chake kitafanya kazi.

Mbuzi ni suala la peke yake. Mbuzi wa kambi hana mwenyewe mpaka umpige, hapo mwenyewe anatokea. Zungushia miiba mpaka kichaka kipite urefu wa mtoto.

Chini ya ardhi unafanya mambo mawili. Kama jamii yake yote, mizizi ina vinundu vyenye bakteria wanaochukua naitrojeni hewani. Hilo wengi tulilisoma. La pili lilijulikana 1990, watafiti wa Kijapani wakifanya kazi India katika taasisi ya ICRISAT: mizizi ya mbaazi inatoa asidi inayoweza kuifungua fosforasi iliyoshikwa na chuma kwenye udongo mwekundu, ile ambayo mazao mengi hayaifikii. Udongo wetu mwingi ni huo mwekundu wa murram. Majani yanayoanguka wakati wa ukame yanakirudisha kile kilichochimbwa juu, kwa hiyo usiyafagie kuyachoma. Najua tunapenda uwanja safi. Fagia mbele ya mlango, chini ya mbaazi acha.

Maua yakitoka, amka mapema uyaangalie. Kuna funza anayetoboa maua na maganda. Kwa vichaka vya mpakani unaweza kumtoa kwa mkono, watoto wanafanya kazi hii vizuri ukiigeuza mashindano. Kuna kunguni wanaofyonza ganda bichi, na kuna nzi mdogo anayetaga ndani yake, ambaye humwoni mpaka ufungue ganda ukute mbegu imeliwa. Kichaka kikinyauka chote ghafla wakati udongo una maji, na ukipasua shina chini ukakuta mistari myeusi, huo ni mnyauko wa fusari. Ng'oa, choma, na mahali pale usirudishe mbaazi kwa miaka kadhaa. Na mimi nisingeupanda chini ya taa ya sola ya barabarani. Kwa mmea unaohesabu giza ni kama kumsumbua mtu aliyelala.

Baada ya mavuno kata shina usawa wa goti au juu kidogo. Usikate chini kabisa, utaua. Hapo umepata fito zako, na mvua zikirudi kichaka kinachipua upya bila kupanda, na mwaka wa pili kinazaa. Mwaka wa tatu kinaanza kuchoka, badilisha. Kinga eneo lako na moto wa Januari na Februari, maana majani makavu yakishika, mpaka wako wote unaondoka mchana mmoja.

Kuhusu kuuza, nitasema kidogo. Kuna watu wanakuja na habari kwamba India inanunua mbaazi zote duniani. Ni kweli inanunua nyingi. Lakini Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kulinda wakulima wake, na bei Tanzania, Malawi na Msumbiji ikaanguka vibaya. Watu wa Lindi, Mtwara na Babati waliokuwa wamepanua mashamba walibaki na magunia. Mbaazi za mpakani mwa kiwanja ni za sufuria kwanza. Zikizidi, soko la Koboko au Arua linatosha, na mbichi zilizomenywa zinalipa kuliko kavu.

Mbegu ya mwaka ujao usinunue kama unaweza kuepuka, na usisubiri gunia lisilo na jina. Chagua hapa hapa, kwenye vichaka vilivyotoa maua kwa wakati mzuri kwa anga letu, visivyonyauka, vyenye maganda yaliyojaa. Nyuki wanachanganya mbaazi, wanabeba vumbi la ua kutoka kichaka hadi kichaka, kwa hiyo vichaka vya mbegu ni vizuri vikae mbali kidogo na vya jirani mwenye aina nyingine. Anika mbegu siku tatu kwenye jua kali, changanya na majivu yaliyochekechwa, jaza chupa au jerikeni mpaka shingoni ili hewa isibaki, funga kabisa. Kikundi cha vijana tunachofanya nacho kazi kina jerikeni nne za namna hiyo, tumeandika juu mwezi ambao kila kichaka kilianza kutoa maua. Mbili ni za Oktoba mwishoni, moja ya Novemba, na moja ni ya kichaka kilichochelewa mpaka Desemba, ambacho wengine walitaka kukitupa. Tumekiweka tuone kitafanya nini mwaka wa pili.